Bibi Cornelia Ajipiga X

Kwarr. Kwarr. Kwarr.

Mliobana pumzi tangu Jumamosi iliyopita, pumueni. Wenzenu bado. Bibi Cornelia na mgeni wake Kabula wamesimama nyuma ya mlango, madirisha yamefungwa, asubuhi wameiacha nje, na huko nje kuna kitu kinakwaruza ubao. Si panya. Panya hakohoi.

Kwa aliyeazima gazeti kwa jirani na kuanza leo, habari ni fupi. Kijiji cha Chipunda, huku juu Ufipa, ng'ambo ya Mwimbi, kimemleta lambalamba, fundi wa kufichua wachawi. Anaitwa Dokta Tadei. Udokta aliusomea wapi hakuna aliyethubutu kumuuliza, maana mtu anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba lazima ana elimu. Amekizunguka kijiji akipiga milango alama za chokaa. Duara ni nyumba safi. X ni nyumba ya mchawi.

Maduara yamejaa kijiji kizima. X ni moja tu, na imepigwa kwa Kabula, mjane wa Kisukuma aliyepanda kutoka bonde la Ilemba na ng'ombe wake. Ng'ombe wamekufa, mume amekufa, limebaki shamba la mahindi kando ya kijito, na leo mchana kiwanjani mwenyewe atanyweshwa dawa. Mchawi akiinywa, huanguka. Asipoanguka, hunyolewa kichwa na kufukuzwa, kwa sababu uchawi wake umeishinda dawa. Mahakama gani nyingine nchini ina sheria nyepesi namna hiyo?

Na msidhani lambalamba anabahatisha. Kazi yake ina kanuni, nami nimewapangia ili mkariri:

Mchawi ana dalili, macho mekundu ya moshi,
Na shamba lisilo mbali, maji yake hayaishi,
Hana mwana serikali, wala mjomba wa jeshi,
Huyo mchawi kamili, mganga hababaishi.

Kwarr. Kwarr.

"Gambuti," alinong'ona Bibi Cornelia. "La kushoto linaburuta. Ni Leonsi mgambo. Yuko peke yake na ana ndoo, haijajaa."

Kabula alimtazama kama mtu anayeanza kuuamini uchawi kwa mara ya kwanza. Akamuuliza ameyaonea wapi yote hayo na mlango umefungwa.

"Sijaona. Nimesikia. Mimi utoto wangu niliusomea nyuma ya ubao."

Chipunda nzima inajua kwamba Bibi Cornelia ni Mholanzi, mkunga aliyekuja msichana, akawakata vitovu nusu ya kijiji, akastaafu, akakataa kuondoka. Wanamwita Sista ingawa hajawahi kuvaa shela. Yaliyomtangulia kabla ya hapo hakuna aliyeyauliza. Mzungu huanzia uwanja wa ndege.

Basi pale mlangoni, kwa sauti ya chini, Kabula akawa wa kwanza kusikia. Kwamba alizaliwa Myahudi, na jina alilopewa na mama yake ni Miriamu. Kwamba Wanazi wa Ujerumani walipoiteka Uholanzi, walitoa amri: kila Myahudi ashone nyota ya kitambaa cha njano kifuani, ajulikane akiwa mbali. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ametimiza umri wa kushonewa, akajivuna barabarani kwa kuwa na nyota kama ya wakubwa. Kwamba mama yake alichukuliwa, hakurudi, na yeye akafichwa na mke wa mfugaji ndani ya zizi la ng'ombe, nyuma ya ubao, hadi vita vikaisha. Mama yule alikuwa amefiwa na binti. Jina la marehemu akampa mtoto wa nyuma ya ubao.

"Cornelia ni jina la kuazima," alisema bibi. "Nimelitumia sana, sina uso wa kulirudisha."

Kisha akafungua mlango.

Leonsi mgambo aliruka nyuma, brashi ya katani mkononi, chokaa hadi kwenye nyusi. Mlangoni, duara lilikuwa limebakiza kipande kidogo kufunga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Unachora nini?"

Leonsi alitabasamu kama mleta barua ya ajira. Akampongeza. Akaeleza kwamba Dokta ameitaja nyumba yake kuwa safi tangu jana, ila chokaa iliwaishia.

"Nani kanipima?"

"Bibi, wewe ni mzungu."

"Kwa hiyo?"

"Wazungu hamrogi, Bibi. Mruke na ungo wa nini, na ndege mnazo?"

Bibi Cornelia aliifikiria hoja hiyo kwa heshima yote iliyostahili. Akanyoosha mkono, akamnyang'anya brashi, akaichovya, na juu ya lile duara zuri la Leonsi akapiga X, kutoka pembe hadi pembe, chokaa ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Leonsi alikaa chini.

"Bibi, umeharibu. Sasa nitamwambia nini mwenyekiti?"

"Mwambie umepata mchawi wa pili. Si ndiyo kazi aliyokutuma?"

"Mimi natekeleza tu, Bibi. Sina ubaya na mtu."

Hapo bibi akairudisha brashi ndani ya ndoo.

"Polisi aliyemchukua mama yangu hakuwa Mjerumani," alisema. "Alikuwa Mholanzi, jirani yetu, mtu wa heshima. Alipiga hodi. Akafuta viatu kabla ya kuingia, asituchafulie sakafu. Naye alikuwa anatekeleza tu, Leonsi. Sasa simama, mgongo wako nilikuwa wa kwanza kuupiga makofi ili ulie, usinifanye nijute."

Mgambo akasimama, akaondoka mbio, gambuti la kushoto likimfuata nyuma. Lakini habari za siku hizi haziendi kwa gambuti. Kabla hajafika kwa mwenyekiti, picha ya mlango ilishaingia kwenye kundi la simu la Chipunda Yetu Maendeleo, na mtu wa kule Kabwe, kando ya ziwa, alishauliza kama huyo mzungu anauza dawa au anatoa bure.

Mwenyekiti Flavian alikuja juu ya pikipiki, tumbo limetangulia, yeye akifuata. Huyu ni mtu aliyeujenga uongozi wake kwa kukata tepe. Hakuna kitu Chipunda kisichofunguliwa rasmi na Flavian: choo cha shule, kisima kisicho na maji, hata josho la ng'ombe alilifungua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakupigwa picha. Na shamba lake linapakana na la Kabula, upande usiofika kijito. Mkilisahau hilo mtakuwa mnasoma hadithi nyingine.

Alizungumza kwa muda mrefu. Aliutaja ubalozi. Alimtaja mkuu wa wilaya. Alitaja watalii, ingawa mtalii pekee aliyewahi kufika Chipunda alikuwa amepotea njia ya maporomoko ya Kalambo, akaondoka akilia. Akamalizia mikono ameikunja kifuani kama Mkristo mbele ya sakramenti.

"Bibi, kijiji kizima tunakuomba usiwe mchawi."

"Basi futeni X zote mbili."

Hilo haliwezekani, alijibu. Dokta ameshasema, na dawa imeshapikwa.

"Kama haiwezekani, tutakwenda sote wawili kiwanjani. Kabula akinywa, nitapokea kibuyu kilekile nami ninywe."

"Hapana!" Flavian alisema kwa haraka mno. "Wewe utakunywa cha kawaida."

Pikipiki ilikuwa bado inanguruma, lakini hata Kabula aliyekuwa ndani alilisikia neno hilo likidondoka.

"Cha kawaida," alirudia Bibi Cornelia polepole. "Kwani viko vingapi, mwenyekiti?"

Mwenyekiti alishikwa na kikohozi. Kikohozi kilimpandisha kwenye pikipiki, kikamgeuza, na kikamwondoa kabisa. Wapo viongozi wanaookolewa na hekima. Wetu huokolewa na vumbi.

Ndani ya nyumba, Kabula alikuwa ameshafunga mzigo wake. Alikuwa mweupe wa midomo. Bibi Cornelia alimwambia ukweli: njia ya nyuma ipo, akitaka kukimbia hatamzuia.

Kabula aliutazama ule mzigo. Sufuria moja, blanketi moja, mbegu za mahindi ndani ya soksi.

"Kwetu Meatu nilikimbia ukame. Ilemba nilikimbia mafuriko. Nikikimbia na hapa nitaishia Zambia, Mama, na Kibemba sikijui." Akaufungua mzigo. "Mahindi yangu yamebeba. Nitayavuna mimi au watanizika humo humo."

*

Kiwanjani watu walijaa kama siku ya fainali. Karanga zilichomwa. Akina mama walikuja na stuli zao. Mtu huwa hapendi kukosa jirani yake akiumbuliwa.

Dokta Tadei alikaa kati, miwani usoni, shati jeupe, viatu vyeupe vyenye ncha kama za wanamuziki. Mbele yake kulikuwa na sufuria kubwa ya dawa ambayo wanakijiji walikuwa wameshainywa asubuhi. Maji, mizizi na ladha ya sabuni. Pembeni, juu ya kitambaa chekundu, kulikuwa na kibuyu kidogo cha shingo ndefu.

Ndicho hicho.

Jina la Kabula likaitwa. Alitoka kati ya watu akiwa amejitanda khanga, Bibi Cornelia nyuma yake na mkongojo. Njia ilifunguka upana wa ng'ombe wawili. Waliokuwa wakiazima chumvi kwa Kabula walitazama viatu vyao. Aliowadai hawakutazama popote.

Lambalamba akakinyanyua kibuyu pamoja na kitambaa chake, akaongea lugha ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, na akamnyooshea.

"Kabla hajanywa," ilisema sauti ya mwanamke, "onja."

Watu waligeuka. Alikuwa Asnath, mke wa Flavian, mwanamke mpana anayepika kimpumu, ile pombe ya ulezi inayowalaza wanaume wa Chipunda na kuwaamsha wake zao. Alikuwa amesimama mikono kiunoni, na mumewe alikuwa anamfanyia ishara za macho kama mtu aliyeingiwa na mdudu.

Mdau msomaji, kama hujawahi kunywa kimpumu Chipunda, jua sheria. Aliyepika huonja kwanza, mbele ya wanywaji, na huonja chungu kilekile. Asipoonja, hata kama jua linapasua mawe, hakuna mdomo utakaogusa. Ni desturi ya zamani, ila aliyeifanya kuwa amri ni Flavian mwenyewe, baada ya mzee mmoja kufa usingizini na kijiji kuanza kunong'ona. Tangu hapo, kila siku ya gulio, Asnath husimama mbele ya umati na kunywa pombe yake mwenyewe kama mtuhumiwa, na mumewe husimama pembeni akiwa shahidi.

"Dawa si pombe, mama," alisema Dokta Tadei kwa upole wa mtu mkubwa.

"Koo ni moja. Mimi naonja kila gulio na sijawahi kukataa. Wewe una koo la dhahabu?"

Wazee wa kike walicheka kwanza. Wazee wa kiume wakafuata, maana wengi wao walikuwa na madeni kwa Asnath. Kisha minong'ono ikaanza kuzunguka kiwanja: kweli, mpishi huonja, kwani kuna nini. Flavian alisimama akasema mke wake ana malaria. Hakuna aliyemsikiliza.

Dokta Tadei akatabasamu. Akainua kibuyu, akakiweka mdomoni, akakiinamisha. Kila mtu aliona koromeo lake likipanda na kushuka. Akakishusha, akafunua mikono pande zote mbili kama padri anayebariki.

Makofi yakapigwa. Flavian alipiga hadi viganja vikawa vyekundu.

"Mmeona? Basi, mama Kabula, kunywa tusichelewe," alisema mwenyekiti.

Kabula alikipokea kibuyu. Alikitazama kwa ndani.

Lakini Bibi Cornelia alikuwa ameshaanza kutembea. Alikwenda taratibu, mkongojo, mguu, mkongojo, hadi akafika mbele ya Dokta Tadei, karibu kiasi cha kumnusa. Akasimama.

Akangoja.

Mnajua alichokuwa anangoja. Hakuna mtoto wa Ufipa asiyejua. Mdogo anapokutana na mkubwa hutangulia yeye kumwamkia, awe waziri, awe mwizi wa kuku aliyefungwa kamba. Na lambalamba huyu, tangu aingie Chipunda, alikuwa hajamwamkia bibi wa watu hata mara moja.

Dokta alitikisa kichwa kwa heshima.

Bibi akaendelea kungoja.

Dokta akaweka mkono kifuani, akainama.

"Mjukuu wangu," alisema Bibi Cornelia kwa sauti ya taratibu iliyofika hadi kwenye karanga, "ninakaribia miaka tisini. Kusimama kunanichosha. Nasubiri."

Kicheko kidogo kilitoka kwa watoto. Mzee mmoja alipaza sauti: mwamkie basi, huna mdomo? Dokta akakunja magoti. Akakutanisha viganja, akapiga makofi ya heshima ya Kifipa, laini, mazuri kabisa. Alitoa kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa isipokuwa sauti. Mashavu yake yalikuwa yamejaa kidogo tu, kama ya mtoto aliyeficha peremende. Jasho lilitiririka chini ya miwani.

Pua ya Dokta ilisikika kiwanja kizima ikifanya kazi ya watu wawili.

"Marahaba," alisema Bibi Cornelia, akimsaidia. "Nimeshaitika. Bado wewe."

Hapo pua ikasalimu amri. Dokta Tadei alipaliwa, akajikunja, na dawa yote ikatoka mdomoni na puani, ikaoga shati jeupe na viatu vyeupe vyenye ncha. Hakuwa amemeza hata tone.

Akaanza kujipangusa ulimi kwa mkono wa shati, kwa nguvu, kwa hofu, kama mtu anayekwangua moto. Sufuria kubwa watu walikuwa wameinywa na kucheka. Hicho kibuyu mpishi wake alikuwa anakikwangua ulimini.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Mchawi ni yeye!" ilipasuka sauti. "Mchomeni!"

Sauti ya kwanza kabisa. Na ilikuwa ya nani? Ya Mwenyekiti Flavian, jamani, aliyemleta, aliyempokea, aliyempa kiti cha ofisi akalie. Wiki nzima alikuwa hawezi kula bila Dokta. Sasa alikuwa na jiwe mkononi, na lilikuwa la kwanza kurushwa.

Wengine wakafuata. Walewale. Waliokuwa wamekuja kumtazama Kabula akinyolewa sasa waling'oa miti ya goli. Aliyeuza karanga aliuza za mwisho mbio mbio ili asikose. Kosa la watu wa Chipunda si ukatili. Ni kwamba wakishakusanyika hawapendi kurudi nyumbani mikono mitupu.

Bibi Cornelia aliwatazama, na usoni mwake hapakuwa na ushindi. Alikuwa ameuona umati ule zamani, katika lugha nyingine. Siku Wanazi walipoondoka, alipotolewa nyuma ya ubao, akafumba macho kwa ukali wa jua, kitu cha kwanza alichokiona cha huo uhuru ni majirani wakimnyoa nywele msichana mmoja katikati ya barabara kwa kosa la kupendwa na askari wa adui. Walikuwa wanacheka. Walionyamaza miaka yote ya vita ndio waliokuwa na mikasi mirefu kuliko wote.

Alimshika Tadei ukosi wa shati.

"Tembea."

"Bibi, wataniua."

"Ndiyo maana nimesema tembea. Usikimbie. Ukikimbia, wao ndio wanajua kukimbia."

Wakatembea. Mawe yalisita. Kila aliyeinua mkono alikuta mbele ya shabaha yake kuna mgongo wa mwanamke aliyempokea duniani yeye, au mkewe, au mtoto wake, kwa mikono ileile iliyoshika ukosi ule. Asnath alitembea upande mmoja, mpana kama ukuta wa kanisa, hadi walipofika mlangoni penye X mbichi. Yeye akabaki nje. Kabula aliingia nyuma yao, khanga ameibana kifuani.

Komeo likateremka.

*

Ndani, Tadei alianguka chini. Miwani ilikuwa imebaki kiwanjani. Bila miwani hakuwa dokta wa chochote. Alikuwa kijana mwenye macho makubwa ya mtu aliyefeli mtihani na hajawaambia wazazi.

Kabula alisimama juu yake kwa muda.

"Huyu," alisema. "Mama, nyumba yote hii umeona umlete huyu?"

Bibi Cornelia alikaa kwenye stuli, pumzi imemwisha. Akamwambia kwamba yule mke wa mfugaji alimpokea yeye kwa sababu alikuwa mtoto asiye na kosa, na hilo ni rahisi. Huyu ana kosa. Kwa hiyo hawezi kuamua peke yake. X ya kwanza ilipigwa mlangoni kwa Kabula. Kabula ndiye aseme kama komeo libaki au liinuliwe.

Nje, umati ulikuwa umefika. Walipiga mlango. Sauti ya Flavian ilikuwa juu ya zote, ikidai kijiji kipewe mchawi wake.

Bibi Cornelia aliegemeza sikio kwenye ubao. Uso wake ulibadilika.

"Dumu," alisema. "Limefika nusu. Anayelibeba anatembea polepole lisimwagike. Maji hayasemi hivyo. Hiyo ni petroli ya pikipiki."

Tadei alitambaa hadi miguuni kwa Kabula.

"Anataka nife kabla sijasema."

"Hujasema nini?"

"Kibuyu sikupika mimi. Sufuria ndiyo yangu, mizizi tu na sabuni, haijawahi kumdhuru mtu. Kibuyu alinipa yeye, tayari kimejaa. Akasema ukishaondoka, shamba la kijitoni tutagawana, mimi upande wa juu." Akameza mate, safari hii kweli. "Sikujua ni sumu ya namna gani. Nilijua tu kwamba mwenyewe alikishika kwa kitambaa."

Nje, kitu kilimwagwa chini ya mlango, na harufu ikapenya kwenye ufa kabla ya unyevu. Asnath alisikika akifoka, na Leonsi mgambo akisema kitu, mara sauti zote mbili zikazibwa na kelele.

Kabula hakutazama mlango. Aliingiza mkono chini ya khanga, akatoa kitu alichokuwa amekibana kifuani tangu kiwanjani, akakiweka sakafuni mbele ya macho ya kijana yule. Shingo ndefu, mdomo umezibwa kwa kitambaa chekundu, bado kizito.

Akachuchumaa, akamshika kidevu, akamwinua uso.

"Nakuahidi, mwanangu, na Mama huyu ni shahidi. Komeo haliinuki. Wakikutaka wewe watapita kwanza juu ya wachawi wawili. Na tukitoka humu tukiwa hai, utasimama kiwanjani bila miwani, ulitaje jina la aliyekupa hiki, kisha utaifuta X yangu kwa mkono wako. Ukinyamaza, nakuahidi na hili: kibuyu utakimaliza mbele yangu. Halafu utaniamkia, nijue kama umemeza."